Kuna Kiti, Yupo Mtu

    

Mwenyekiti wa Chama chetu cha Kiswahili alipotangaza gwarideni kwamba jarida la mwaka huu linapokea insha, wenzangu wa Kidato cha Tatu waliamua kuandika kuhusu ufisadi, dawa za kulevya na umuhimu wa elimu. Mimi nilipomwambia mhariri kwamba nitaandika juu ya sarufi ya Kijapani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Hii ni Chama cha Kiswahili, bana! Kijapani kinatuhusu nini?" Nikamjibu, "Ngoja kwanza usome." Basi nawe nakuomba usome hadi mwisho, kisha useme kama kinatuhusu ama hakituhusu.

Kijapani nilifunzwa na mjomba wangu, kaka wa pili wa mama. Kabla ya mwaka wa 2020 mjomba alikuwa dereva wa magari ya watalii. Aliwachukua wageni Nairobi, akawapitisha Nakuru kuwaonyesha vifaru, akawapeleka Maasai Mara, kisha akawarudisha salama salimini. Wageni wake wengi walikuwa Wajapani. Kwa kuwa hakupenda kukaa kwenye usukani kama bubu, alijiandikisha katika darasa la jioni la Kijapani. Alinunua kitabu kiitwacho Minna no Nihongo, ambacho wanaoanza lugha hiyo katika nchi nyingi hukitumia, na daftari moja nene la jalada gumu. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Aliandika Kijapani kwa herufi zetu hizi za a, e, i, o, u, maana alisema watalii hawakuja Kenya kumsahihishia imla.

Mnamo Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Watalii wakakauka kama kijito wakati wa kiangazi. Mjomba akakosa kazi, akashindwa na kodi ya nyumba, akaja kwetu Nakuru na vitu vyake vyote: kitanda, godoro, kabati na redio. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa na sikuwa na la kufanya. Jioni baada ya chakula, mjomba aliweka lile daftari mezani, akalamba kidole, akafungua ukurasa. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Somo lililonipendeza kuliko yote ni lile la kusema kwamba kitu kipo. Katika kitabu chake lilikuwa somo la 10. Utasema hilo ni jambo dogo. Lakini hebu jaribu, msomaji, kukaa kutwa nzima bila kusema kuna, iko, yuko, hakuna wala hayuko. Hutaweza hata kuomba chumvi!

Wajapani wana vitenzi viwili vya kazi hiyo: arimasu na imasu. Arimasu hutumika kwa vitu, kama vile meza, kitabu, nyumba na pesa. Imasu hutumika kwa watu na wanyama. Kitabu kikiwepo wanasema hon ga arimasu. Mtu akiwepo wanasema hito ga imasu. Kisipokuwepo ni arimasen, na asipokuwepo ni imasen. Huwezi kusema kitu kipo kabla hujaamua moyoni mwako kama ni kitu au ni kiumbe.

Mjomba aliniambia jinsi alivyolijua hilo kwa aibu. Katika safari zake za kwanza aliona simba amelala chini ya mti, akasimamisha gari na kutangaza kwa sauti ya kishujaa: "Asoko ni raion ga arimasu!" Alitaka kusema, "Pale kuna simba!" Wageni wakatazamana, halafu wakaangua kicheko. Nyanya mmoja wa Kijapani akamweleza kwa upole kwamba akisema hivyo, simba anakuwa kama sanamu, kama simba wa mbao wanaouzwa dukani. Simba anayepumua ni imasu. Basi tangu siku hiyo mjomba hakukosea tena. Zou ga imasu, kuna ndovu. Sai ga imasu, kuna kifaru. Ki no ue ni hyou ga imasu, juu ya mti kuna chui. Na shimauma ga imasu, kuna punda milia. Hilo la mwisho lilinifurahisha mno, kwa maana shima ni milia na uma ni farasi. Sisi tumemwona punda, wao wamemwona farasi, lakini milia sote tumeiona.

Mwanzoni niliona ni ujanja mgumu huu. Mjomba akaniambia, "Wacha uvivu. Wewe ni Mswahili, hilo unalo tayari." Akachukua kalamu akaandika: kitabu kiko, kikombe kiko, kiti kiko. Kisha akaandika: kiboko, kifaru, kipepeo, kinyonga. Akaniuliza, "Hawa nao kiko?" Nikasema la, kiboko yuko, kipepeo yuko. Maneno yote hayo yanaanza kwa ki-, lakini yule mwenye uhai tunamtoa katika kundi la vitu na kumpa heshima ya yu-. Naam! Tangu darasa la nne nilikuwa nikiimba ngeli kama kasuku, A-WA, KI-VI, LI-YA, na siku hiyo ndipo nilipoona kwamba ngeli ya A-WA ni imasu yetu.

Tena tazama jambo jingine. Mtu akitaka kumdharau mwenzake kwa Kiswahili hufanyaje? Humtoa katika yu- akamtupa katika ki-. "Kile kizee kiko wapi?" "Kijitu hiki kimetoka wapi?" Hakuna tusi hapo ukitafuta kwenye kamusi. Tusi liko katika ngeli.

Kuna mengine mengi yanayofanana. Wajapani huweka neno ni baada ya jina la mahali. Mezani ni tsukue ni, nyumbani ni ie ni. Sisi tunalo -ni, nao wana ni! Ni sadfa tu, kwani lugha hizi si ndugu, lakini ni sadfa iliyonisaidia. Neno no kwao hufanya kazi ya "ya" yetu, ila linakaa kinyume. Sisi twasema juu ya meza, wao wasema tsukue no ue, kana kwamba ni "meza yake juu". Hapa ni koko, hapo ni soko, pale ni asoko. Lile la pili usilichanganye na soko la kununua sukuma wiki.

Sasa linganisha sentensi mbili. Tsukue no ue ni hon ga arimasu: juu ya meza kuna kitabu. Hon wa tsukue no ue ni arimasu: kitabu kiko juu ya meza. Ya kwanza yaleta habari ya kitu ambacho hatujakitaja. Ya pili yamjibu mtu aliyeuliza kitabu kile kiko wapi. Wajapani huonyesha tofauti hiyo kwa vijineno ga na wa, na kwa kupanga maneno. Sisi twaionyesha kwa kuna na kiko. Wengine wamehangaika na ga na wa miaka nenda miaka rudi, lakini mimi nilizishika jioni moja tu, kwa sababu nilikuwa na kuna na kiko mfukoni.

Hata kumiliki kwao ni kuwepo. Mjapani mwenye gari huweza kusema kuruma ga arimasu, yaani gari lipo. Jikan ga arimasen, muda haupo, yaani sina muda. Ashita shiken ga arimasu, kesho kuna mtihani (hiyo nayo haikosi!). Lakini ndugu kwa kawaida huwa imasu. Mwenye ndugu wawili husema kyoudai ga futari imasu. Sisi twasema nina ndugu wawili, maana yake niko pamoja nao.

Zipo pia tofauti. Mti una uhai, lakini kwa Wajapani ni arimasu kwa sababu hausogei wenyewe. Kwetu pia mti uko, haumo katika A-WA. Samaki anayeogelea ni imasu, lakini yule aliyelala sokoni akingoja kununuliwa ni arimasu. Sisi samaki wetu hata akikaangwa bado "amekaangwa", tunamhifadhia heshima yake mpaka ndani ya sahani.

Watu walipomsalimia mjomba mtaani, "Habari ya siku nyingi?" alizoea kujibu, "Nipo tu." Kisha akinigeukia aliongeza kwa sauti ya chini, "Lakini imasu, si arimasu." Tulikuwa tunacheka. Sikujua kwamba siku moja maneno hayo yangenichoma moyo.

Hujafa hujaumbika. Mwezi wa Agosti 2024 mjomba alianguka bafuni. Tulimkimbiza hospitalini, daktari akasema ni kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, lakini hakurudi kama alivyotoka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vizito. Maneno nayo yalimtoroka. Alielewa yote tuliyosema, hilo mimi nina hakika nalo, lakini kutoa jibu kulimchukua muda mrefu kama mtu anayeteka maji katika kisima kirefu kwa kamba fupi. Wageni waliokuja kumwona hawakuwa na subira ya kungoja ndoo ipande. Waliuliza, walihesabu mbili tatu, halafu wakamgeukia mama. "Amekula?" "Analala vizuri?" "Huwa anajua watu?" Waliuliza hayo yote na mwenyewe ameketi pale pale akiwatazama! Mtoto wa jirani mmoja alidiriki kuniuliza, "Kile kizee chenu bado kiko?" Nilitaka kumzaba kofi. Nilimwambia tu, "Yuko," nikaondoka.

Likizo ya Aprili 2025 wakubwa wa familia walikutana nyumbani kwetu. Mama anaamka saa kumi usiku kwenda kuuza mboga, mimi nashinda shuleni, na mjomba alikuwa akibaki peke yake mchana kutwa. Ilikuwa kweli jambo lile lilihitaji kuamuliwa. Mjomba mkubwa alitoka Bungoma na mama mkubwa akatoka Kitale. Waliamua mgonjwa apelekwe ushago, ambako kuna watu wa kumwangalia. Sina neno na hilo. Walikuwa wanamtakia mema.

Niliingia sebuleni na birika la chai nikamkuta mjomba mkubwa ameshika kalamu na karatasi. Alikuwa anapiga hesabu ya gari la kukodi, pikapu itatosha ama itabidi lori. Akawa anasema huku akiandika: "Haya. Kuna kitanda. Kuna godoro. Kuna kabati. Kuna redio. Kuna mgonjwa." Akapiga mstari chini, akauliza, "Kuna nini tena?"

Nilisimama na lile birika mkononi kama mlingoti wa bendera. Kuna, kuna, kuna! Niliona ubaya wa neno hilo letu zuri, ambalo halibadiliki hata likutane na nani. Kiswahili kinajua kutenga kiko na yuko, lakini katika kuna, kitanda na aliyekilalia huketi benchi moja. Wajapani wangelazimika kusita. Kalamu ingeandika arimasu, arimasu, arimasu, arimasu, halafu ingefika kwa mjomba na kusimama, kwa sababu pale sentensi haiendelei mpaka useme imasu. Na chumba chake kilikuwa hapo hapo nyuma ya pazia. Alikuwa anasikia kila neno.

Mpenzi msomaji, wajua vile ilivyo kwetu. Mtoto hakatizi wakubwa. Moyo ulinidunda, jasho jembamba likanitiririka. Nikasema, "Samahani, mjomba mkubwa. Naomba niseme kitu kimoja."

Mama mkubwa akanitolea macho. "Kwani hufunzwi adabu huko shuleni? Mimina chai uende."

Mama yangu akasema, "Dada, mwache aseme."

Nilitamani kuwaeleza habari ya arimasu na imasu, lakini ulimi ulikauka na nikaona hata ningeeleza, wangedhani nimerukwa na akili. Basi nikasema yale machache yaliyobaki. "Mjomba yupo. Hatujamwuliza."

Kimya. Saa ya ukutani ilisikika. Mjomba mkubwa aliitazama karatasi yake kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakunigombeza wala hakunisifu. Aliinuka, akafungua pazia, na sote tukaingia.

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda akamshika mkono ule mzima. "Kaka, tunasema uende nyumbani Bungoma ukae na watu. Wewe wasemaje?" Kisha tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo maishani. Mama mkubwa alifungua kinywa mara mbili ili amsaidie kujibu, na mara mbili mama akamzuia kwa jicho. Nilikuwa naiona ndoo ikipanda kisimani, polepole, ikigonga kuta.

"Nitakwenda," mjomba akasema. Tukadhani amemaliza. Akatikisa kichwa, akanielekeza kidole. "Kitanda... kibaki. Mtoto... alale."

Tangu mwaka wa 2020 mimi nilikuwa nikilala kwenye kochi sebuleni, kwa kuwa chumba changu nilimpa yeye. Sikujua kama alikuwa akiliwaza hilo. Mama mkubwa, yule yule aliyenitolea macho, alijifuta uso kwa ncha ya leso akatoka nje. Mjomba mkubwa akatoa ile karatasi, akaifungua, akafuta kitanda na godoro. Kisha akafuta na mgonjwa. "Huyu atakaa mbele na dereva," akasema. "Yeye ndiye ajuaye barabara."

Walisafiri siku ya Jumamosi. Mjomba aliketi mbele kama zamani, ila tu usukani ulikuwa wa mwingine. Mimi nikabaki na kitanda, godoro, na lile daftari ambalo aliniwekea chini ya mto bila kuniambia. Sidai kwamba mambo yote yamekuwa mazuri. Bado maneno yanamtoroka, na wapo wageni ambao bado wanamwuliza shangazi badala ya kumwuliza yeye. Lakini kila Jumapili jioni mama hunipa simu. Namwuliza, "Oji, imasu ka?" Kisha nangoja. Siku nyingine nangoja mpaka salio linakaribia kuisha. Mwisho nasikia pumzi, halafu sauti yake: "Imasu."

Basi mhariri, hayo ndiyo yanayotuhusu. Nilikwenda mbali hadi Ujapani kujifunza neno ambalo nilikuwa nalo nyumbani tangu utotoni nisilione. Leo kila nikisikia mtu akisema "kuna" juu ya watu, najiuliza kama amewaona ama amewahesabu tu pamoja na viti. Darasani kwetu kuna madawati arobaini na mbili. Wanafunzi je? Wapo. Na yule anayeketi nyuma kabisa bila kuzungumza na mtu, naye yupo.

Wenzangu wanaotaka kujifunza Kijapani waje Alhamisi baada ya vipindi, chini ya mti ulio nyuma ya maabara. Daftari lipo. Nami nipo.